Kaloleni na Kijiji cha Uingereza: Ardhi Iliyobaki Nyuma

Mtaa wa Kaloleni, ulioko kusini mwa Barabara ya Jogoo jijini Nairobi, ulichorwa tangu mwanzo uwe na sura ya kijiji. Njia zake zinapinda mahali ambapo mhandisi wa kawaida angezinyoosha, nyumba zake fupi za mawe zilizoezekwa vigae zimepangwa kuzunguka viwanja vya nyasi, na katikati vimewekwa ukumbi wa jamii, shule, zahanati na maduka, ili mkaazi apate mahitaji yake ya kila siku bila kuvuka barabara kuu. Kijiji kilichoigwa hakikuwa cha Ukambani, wala cha Gem, wala cha Bunyore, walikotoka wapangaji wengi wa Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi. Kilikuwa kijiji cha mashambani mwa Uingereza, ambacho hakuna hata mmoja kati ya wapangaji hao aliyeulizwa iwapo alikitaka. Mazungumzo haya yanafuatilia njia iliyopitiwa na wazo hilo kutoka jimbo la Hertfordshire, kaskazini mwa London, hadi Eastlands, na yanadai kwamba jambo kuu katika wazo lenyewe, yaani umiliki wa ardhi, liliachwa njiani, na kwamba mjadala wa sasa kuhusu kubomoa na kujenga upya mitaa hii hauwezi kueleweka bila kulijua hilo.

Kijiji cha Kiingereza, kwa maana inayohusika hapa, ni kikundi kidogo cha nyumba kinachozunguka kanisa la parokia, kidimbwi cha maji, kilabu cha pombe na uwanja wa nyasi ulio wazi kwa wote, huku mashamba na malisho yakianzia pale zinapoishia nyumba. Kijiji cha Willian, chenye kanisa lake la Watakatifu Wote na kidimbwi chake, ni mfano mzuri wa aina hiyo, na ndicho kinachopaswa kukumbukwa hapa kwa sababu ardhi yake iliingia moja kwa moja katika historia ya upangaji wa miji. Ule uwanja wa nyasi, unaopendwa sana na wapiga picha, ulikuwa mabaki ya mfumo mpana zaidi wa ardhi ya pamoja, ambamo mwanakijiji asiye na shamba lake mwenyewe alikuwa na haki ya kulisha ng'ombe wake, kuokota kuni na kuchimba udongo. Kati ya mwaka 1604 na mwaka 1914, bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,000 za kuzungushia ua ardhi hizo na kuzigawa kwa wamiliki binafsi, na maskini waliopoteza malisho wakawa vibarua wa mashamba au wakahamia mijini kutafuta kazi viwandani. Msikilizaji wa Kenya hana haja ya kuelezwa sana jinsi mambo hayo yanavyokwenda, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1915 iliwafanya Waafrika wa nchi hii kuwa wapangaji wa mapenzi ya serikali katika ardhi ya mababu zao, na Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ukaja kupima, kuunganisha na kugawa kwa hati za binafsi ardhi iliyokuwa ikitumiwa kiukoo.

Mtu aliyeyatazama madhara ya mkondo huo nchini Uingereza na kutaka kuyarekebisha aliitwa Ebenezer Howard. Alizaliwa mwaka 1850 na kufariki mwaka 1928, naye hakuwa mbunifu wa majengo wala mwanasiasa. Kazi yake ilikuwa kuandika kwa hati mkato mijadala ya bunge. Mwaka 1898 alichapisha kitabu kilichorudiwa mwaka 1902 kwa jina jipya, na ndani yake akapendekeza mji wa namna mpya, ambao kwa Kiswahili unaweza kuitwa mji-bustani, maana yake makaazi yenye ajira na huduma za mji na yenye hewa, miti na mashamba ya kijiji. Hesabu zake zilikuwa wazi: ekari 6,000 zinunuliwe kwa bei ya shamba, ekari 1,000 za katikati zijengwe mji, ekari 5,000 zibaki mashamba ya kuuzunguka, na watu wote wasizidi 32,000; mji ukishajaa, mwingine uanzishwe mbele yake badala ya wa kwanza kutanuka na kula mashamba.

Lakini michoro yake ya duara, ambayo ndiyo inayochapishwa mara nyingi zaidi vitabuni, haikuwa kiini cha hoja. Kiini kilikuwa kodi ya ardhi. Howard aliona kwamba watu wakihamia shambani, thamani ya ardhi hupanda kwa sababu ya kuwapo kwao tu, na kwamba katika miji ya kawaida ongezeko hilo huingia mfukoni mwa mwenye ardhi ambaye hakufanya lolote. Kwa hiyo alipendekeza ardhi yote ishikwe na wadhamini kwa niaba ya wakaazi, na kodi itakayolipwa igawanywe mafungu matatu: fungu la kwanza lilipe riba ya fedha zilizokopwa kununulia ardhi, la pili lipunguze deni lenyewe mpaka liishe, na la tatu ligharimie barabara, shule, bustani na hata malipo ya uzeeni. Kadiri deni linavyopungua ndivyo fungu la tatu linavyonenepa. Huo ulikuwa mpango wa kurudisha, kwa njia ya sheria na hesabu za kisasa, kile ambacho wanakijiji wa Uingereza walinyang'anywa.

Mwaka 1903 kampuni iliyoundwa na Howard na wenzake ilinunua ekari zaidi ya 3,800 katika vijiji vitatu vya Hertfordshire, yaani Letchworth, Willian na Norton, na mji wa Letchworth ukaanza kujengwa kwa michoro ya wabunifu Raymond Unwin na Barry Parker. Unwin alishikilia kwamba ekari moja isibebe nyumba zaidi ya 12, nyumba zitazamane na jua na uwanja wa wazi, na njia zifuate umbo la ardhi. Vijiji vya zamani havikufutwa. Willian hadi leo kipo pembeni na mashamba yake. Wakaazi wa mji mpya walikataa kwa kura kuruhusu vilabu vya pombe, msimamo uliodumu hadi mwaka 1958, na katika miaka hiyo yote wenye kiu walitembea kwa miguu hadi vilabu vya zamani vya Willian na Norton. La maana zaidi ni kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni moja ya nje ilipojaribu kununua hisa ili iitwae ardhi ya mji kwa faida yake, wakaazi walipigania sheria maalumu ya bunge, ambayo iliikabidhi ardhi hiyo kwa shirika la umma. Tangu mwaka 1995 inashikwa na wakfu unaokusanya kodi za majengo ya biashara na mashamba na kuzirudisha katika huduma za mji huohuo.

Wakati Letchworth inaanza, Nairobi ilikuwa na umri wa miaka minne tu tangu reli ifike mwaka 1899, nayo ilikuwa na vijiji vyake. Pangani, Maskini, Mombasa na Kileleshwa vilikuwa vijiji vya Waafrika vilivyojengwa kwa mikono ya wenyewe, kwa nyumba za Kiswahili zenye ukumbi wa kati na vyumba pande zote mbili, na wenye nyumba, wengi wao wanawake, waliishi kwa kodi za wapangaji wao. Utawala wa mji uliviona vijiji hivyo kuwa chanzo cha maradhi na uhalifu, ukavibomoa kimoja baada ya kingine. Pumwani ikaanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwapokea waliofukuzwa, na Pangani, iliyokuwa ya mwisho, ikabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na watu wake wakasukumwa hadi Shauri Moyo. Kwa hiyo kabla ya kijiji cha kigeni kuletwa Eastlands, vijiji vilivyokuwapo vilivunjwa, na jambo hili linastahili kutiliwa mkazo kwa sababu vitabu vya usanifu hulipita haraka.

Msingi wa sera ya wakati huo ulikuwa kwamba Mwafrika ni mgeni mjini, aliyekuja kufanya kazi kwa muda, mwenye kipande cha kitambulisho shingoni na mke na watoto mashambani. Ndiyo sababu makaazi yaliyojengwa na manispaa na reli yalikuwa zaidi ya vitanda kuliko ya nyumba, wanaume kadhaa wakilala chumba kimoja. Sehemu ya fedha za kuwahudumia Waafrika ilitoka kwenye pombe: manispaa ilijipa haki ya pekee ya kupika na kuuza pombe ya kienyeji katika kilabu chake cha Pumwani, na faida ikaingizwa katika mfuko wa huduma za wenyeji. Mkaazi wa Letchworth alijiamulia kwa kura kama pombe iuzwe mtaani kwake. Mkaazi wa Pumwani, aliyekatazwa kupika ya kwake, alilipia huduma za mtaa wake kwa kila kibuyu alichokunywa katika kilabu cha serikali.

Mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa Mombasa mwaka 1939, pamoja na msongamano uliozidi wakati wa vita, uliitikisa sera hiyo. Maafisa walianza kukubali kwamba mfanyakazi anayeishi na jamaa yake hutulia kazini, na hapo ndipo Kaloleni ilipozaliwa, katika miaka ya 1940, kwa michoro ya mbunifu A. J. S. Hutton na kwa nguvu-kazi iliyowajumuisha wafungwa wa kivita wa Kiitaliano. Mtaa huo ulifuata kanuni za mji-bustani zilizochanganywa na kanuni nyingine iliyotoka Marekani, ile ya kitengo cha ujirani, iliyoelezwa na Clarence Perry mwaka 1929, ambayo maana yake ni eneo la makaazi lenye ukubwa unaotosheleza shule moja ya msingi, watoto wakiifikia kwa miguu, na magari ya wapita njia yakizuiliwa pembezoni. Mwaka 1948 Mpango Mkuu wa Nairobi, ulioandikwa na L. W. Thornton White, L. Silberman na P. R. Anderson, ukakifanya kitengo cha ujirani kuwa tofali la kujengea Eastlands yote. Hata mlolongo wa walimu na wanafunzi kutoka Letchworth hadi Nairobi haukuwa mrefu: Mjerumani Ernst May, aliyefanya kazi na Unwin huko Uingereza kabla ya Vita vya Kwanza, alikuwa na ofisi ya ubunifu jijini Nairobi tangu mwisho wa miaka ya 1930, na ndiye aliyechora upanuzi wa Kampala katika miaka ya 1940.

Ukiulinganisha mchoro wa Kaloleni na wa Letchworth, undugu wao unaonekana bila kuhitaji mtaalamu. Undugu huo unakoma kwenye hati ya ardhi. Ardhi ya Kaloleni ilikuwa ya manispaa, nyumba zilikuwa za manispaa, na mkaazi alikuwa mpangaji wa mwezi hadi mwezi aliyeweza kuondolewa akipoteza kazi. Kodi yake haikulipa deni lolote ambalo siku moja lingeisha na kumwachia kitu. Mashamba ya kuuzunguka mji, ambayo kwa Howard yalikuwa ya kuulisha mji na kuuzuia usitanuke ovyo, Nairobi yalipata kazi nyingine kabisa: reli, eneo la viwanda na nafasi za wazi zilitumika kuitenga mitaa ya Waafrika na ile ya Wazungu iliyokuwa magharibi kwenye vilima. Na ile mipaka iliyo wazi, iliyokusudiwa kuwakinga watoto na magari, iliurahisishia utawala kazi ya kuzingira mtaa, kama ilivyothibitika Aprili 1954 katika Operesheni Anvil, wanajeshi na polisi walipoufunga mji na kuwakamata maelfu kwa maelfu ya wanaume ili wachujwe na wengi wao kupelekwa vizuizini.

Hata hivyo watu wa Eastlands hawakupokea mtaa wao kama zawadi ya kukaliwa kimya. Ukumbi wa Kaloleni, ambao wapangaji wa mji waliutarajia uwe mahali pa burudani ya adabu, uligeuka kuwa bunge la watu wasio na bunge, ambapo vyama vya wafanyakazi na chama cha Kenya African Union vilikutana. Ni katika ukumbi huo ambapo, Aprili 1950, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi Makhan Singh alitoa hoja mbele ya mkutano wa pamoja wa Waafrika na Wahindi kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili na upesi, wakati ambapo viongozi wengi walikuwa bado wanaomba viti zaidi katika baraza la kutunga sheria. Wiki chache baadaye, yeye na kiongozi mwenzake Fred Kubai walikamatwa, mgomo mkuu ukaikumba Nairobi, na Makhan Singh akazuiliwa hadi mwaka 1961. Jengo lililoigwa kutoka ukumbi wa kijiji cha Kiingereza likawa mahali ambapo utawala wa Kiingereza uliambiwa uondoke, na hakuna heshima kubwa zaidi ambayo wakaazi wangeweza kuupa mtaa huo.

Hali ya leo inahitaji kutazamwa karibu. Nyumba ya Kaloleni bado inaonyesha uhodari wa mafundi wake: kuta za mawe zilizosimama wima, baraza ndogo mbele, paa la vigae vyekundu vilivyoota ukungu, na hapa na pale ua wa kayaba uliobaki kutoka wakati ambapo kila mpangaji aliupunguza mwenyewe. Nyuma yake, mahali palipokuwa bustani, pameota chumba cha mabati, pengine viwili au vitatu, kila kimoja na mpangaji wake, kwa sababu mpangaji wa kaunti ambaye kodi yake ni ndogo na mshahara wake ni mdogo zaidi amepata humo riziki ambayo sheria haikumpa. Viwanja vya nyasi vimegawanyika; kimoja ni cha mpira wa vijana, kingine kimekuwa gereji ya wazi, cha tatu kimelimwa sukuma wiki. Ni kosa kuyaita haya yote uharibifu. Mtu anayekaa miaka 40 katika nyumba asiyoweza kuirithisha hutumia kile anachoweza kukishika, na wenye nyumba wa Pangani ya zamani walifanya hivyohivyo kabla ya kuvunjiwa.

Wako wanaodai kwamba dawa ni kumuuzia kila mtu nyumba yake, na kwa mfano wao hutaja Buruburu, mtaa jirani uliochorwa na kampuni ya Mutiso Menezes na kujengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970, kwa fedha zilizotoka kwa sehemu kubwa katika Shirika la Maendeleo la Jumuiya ya Madola. Nyumba zake zaidi ya 4,000 ziliuzwa kwa mikopo ya muda mrefu kwa watumishi na walimu, nazo zilipangwa kuzunguka nyua zilizofungwa, mjukuu wa mbali wa ule uwanja wa kijiji. Wanunuzi walipata hati, jambo ambalo Kaloleni haikulipata, lakini hakikuwapo chombo chenye nguvu cha kulinda kilicho cha wote. Nyumba za kando ya barabara zikageuka maduka, baa na magorofa, na maeneo ya miti yakazungushiwa kuta. Letchworth hata mwenye nyumba yake kamili huomba ruhusa ya wakfu kabla ya kubadili sura ya nyumba. Kwa hiyo Eastlands imejaribu upangaji bila haki na umiliki bila jamii, na njia ya tatu, ile ya Howard mwenyewe, haijawahi kujaribiwa hapa.

Kenya, hata hivyo, imewahi kuijaribu mahali pengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakaazi wa Tanzania-Bondeni mjini Voi, waliokuwa wamejenga bila hati katika ardhi ya shirika la reli na ya shamba la mkonge, walijadili aina kadhaa za umiliki, wakachagua wadhamini wa pamoja: ardhi ishikwe na jamii kwa mkataba mmoja mkuu, na kila jamaa imiliki nyumba iliyo juu yake, iweze kuiuza au kuirithisha, lakini isiweze kuuza kiwanja chenyewe kwa mlanguzi. Mpango huo ulipata shida zake, kwani ofisi za ardhi hazikuwa na utaratibu wa kushughulikia umiliki wa namna hiyo mjini, na mwanachama hawezi kukiweka kiwanja rehani benki. Pamoja na hayo unathibitisha kwamba wazo hilo linaweza kuandikwa katika hati za Kenya na kueleweka na watu wa kipato cha chini, ambao kwa kweli walilielewa upesi kuliko maafisa.

Sasa mitaa ya zamani ya Eastlands imewekwa katika mipango ya kujengwa upya. Katika Pangani ya leo, nyumba 48 za kaunti zilibomolewa ili kupisha magorofa yenye nyumba zaidi ya 1,500, na hoja ya uchache wa nyumba haiwezi kupuuzwa katika jiji ambalo sensa ya mwaka 1948 ililihesabia watu wapatao 119,000 na ile ya mwaka 2019 ikalihesabia 4,397,073. Kaloleni, yenye nyumba za chini zilizoachana, lazima ibebe watu wengi zaidi ya inavyobeba leo, na wanaotaka kila kigae kibaki mahali pake wanautetea mchoro wa Hutton kuliko wanavyowatetea watu wanaoishi ndani yake. Jambo linalopaswa kutangulia michoro mipya ni upimaji: ukumbi, shule, zahanati na viwanja vikubwa vipimwe na kupewa hati za pekee kwa jina la wadhamini wa wakaazi, ardhi ya nyumba nayo iwekwe chini ya mkataba mmoja mkuu wenye sharti kwamba sehemu ya kodi za maduka na ofisi zitakazojengwa kando ya Barabara ya Jogoo irudi kulipia nyumba za wapangaji wa sasa, na orodha ya wapangaji hao, pamoja na wale wa vyumba vya mabati, iandikwe na kubandikwa ukumbini kabla mkandarasi yeyote hajatia sahihi.